Ukuta Usiotaka Kukauka

Kwa waliofungia sabuni gazeti la wiki iliyopita kabla ya kulisoma, nitawasimulia upesi upesi.

Mimi ni fundi rangi. Nilikuwa na chumba cha kupanga, nikakipenda. Nikaziba nyufa, nikapiga msasa, nikakipaka rangi za masalia ya kazi za watu, kikapendeza mpaka majirani wakawa wanakuja kukitazama. Mwenye nyumba naye akaja kukitazama. Akatazama kuta, akatazama dari, akanishukuru sana, halafu akasema chumba kizuri namna hii hakiwezi kubaki kwa kodi ile ile. Kodi mpya ikanishinda, nikatoka. Aliyeingia baada yangu nasikia aliisifu sana rangi.

Tukahamia sebuleni kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Tulikaa mpaka mke wake alipouliza mbele yetu, kwa sauti ya upole kabisa, kama sebule ina tarehe ya kurudishwa. Tukafungasha virago. Tunafika mlangoni, mama mkwe wangu naye huyo, kafungasha vya kwake. Akasema mwanamke anayewafukuza hawa leo kesho atamgeukia yeye, bora atangulie. Ndivyo nilivyojikuta sina pa kulala, tena nina mke, binti na mama mkwe.

Kuna msomaji alipiga simu gazetini kuuliza kwa nini sikurudi kwetu. Ndugu yangu, kwetu ndiko nilikotoka kuja kutafuta kuta za kupaka. Kule nyumba tunazo, wa kunilipa nizipake rangi hakuna.

Basi nikapata kazi kwa Mama Funguo. Jina lake silijui, ila ana nyumba kadhaa na funguo zake zote anazibeba kwenye pete moja, akitembea unamsikia toka getini. Alinipa nyumba tupu ya vyumba vitatu niipake ndani yote. Na katika kazi yetu fundi hulala kazini. Rangi zinaibwa, brashi zinaibwa, hata mlango unaibwa kama haujakazwa bawaba. Mwenye nyumba hufurahi fundi akilala pale, maana amepata mlinzi wa bure.

"Ulale hapo hapo, fundi," Mama Funguo aliniambia, akanipa ufunguo.

Hakusema nilale peke yangu. Wala hakusema nilale na mama mkwe, hilo nakubali.

Tatizo ni kwamba nyumba ikiisha, fundi anarudisha ufunguo. Kwa hiyo nyumba haikuisha.

Kila asubuhi kabla sijanawa uso, nilikuwa nauosha ukuta wa sebule kwa sponji. Mama Funguo akija anaugusa, anakuta majimaji, anasikitika. Namwambia ni unyevu unapanda kutoka kwenye msingi, mama, nikipaka mkono wa mwisho kabla haujakauka rangi yote itabanduka, lawama zitakuja kwangu. Ananishukuru kwa uaminifu wangu. Anasema mafundi wengi siku hizi ni waongo.

Nilichokuwa nangoja ni nyumba za bei nafuu. Zile ghorofa mpya zilizojengwa na ofisi ya nyumba, ngazi zake zote nimezipaka mimi. Nilijua mpaka swichi ya taa ilipo. Kilichobaki kilikuwa ni kupewa mojawapo, na hapo ndipo mliponiacha wiki iliyopita, nimesimama dirishani kwa karani.

"Anwani ya makazi?" karani aliuliza.

"Sina makazi, dada. Ndiyo maana nimekuja."

"Asiye na makazi haombi nyumba."

"Kwa nini?"

"Tukitaka kukupa, tutakupata wapi?"

Nikajikuna kichwa. Nikaandika anwani ya nyumba ya Mama Funguo. Karani akagonga muhuri, akanitakia kila la heri, kisha akaniambia afisa atakuja kuhakiki kama kweli naishi hapo na familia yangu. Akithibitisha, tunapewa vyumba viwili na choo ndani. Akikuta ni uongo, jina langu linafutwa na sitaomba tena maisha yangu yote.

Mnaona nilipojiingiza. Mbele ya Mama Funguo lazima nisiwe naishi pale. Mbele ya afisa lazima niwe naishi pale.

Nikamwambia mke wangu, hawa watu wawili wasikutane tu, mengine nitayamudu. Mke wangu ni msusi, maneno yake huwa anawapa wateja yote, nyumbani analeta yaliyobaki.

"Watakutana," akasema, akaenda kazini.

Walikutana siku hiyo hiyo.

Niseme kwanza tulivyokuwa tunaishi. Mali yetu yote ilikuwa ndani ya ndoo za rangi. Huo ni ubunifu wa mama mkwe. Nguo ndoo hii, vyombo ndoo ile, vitabu vya binti nyingine, vifuniko juu, zote zimepangwa kando ya ukuta. Magodoro tunayakunja na kuyatupia turubai la kazini lenye madoa. Mtu akiingia anaona vifaa vya fundi. Mama Funguo alishawahi kunisifu kwamba mimi siyo kama wengine, nina akiba kubwa ya rangi.

Na tukisikia zile funguo zinalia getini, mama mkwe anatokea mlango wa jikoni, anazunguka nyumba, anapita barabarani kama mtu anayekwenda zake sokoni. Walishaamkiana mara nyingi tu. Mama Funguo aliniambia yule bibi jirani ni mstaarabu sana.

Siku hiyo funguo hazikulia. Alikuwa amezitia kwenye mkoba.

Nilikuwa juu ya ngazi nikijifanya nakwangua dari. Mama mkwe alikuwa amekaa katikati ya sebule juu ya ndoo, kilemba kichwani, anasugua visigino vyake kwa msasa wangu. Mlango ukafunguka.

"Fundi," akasema Mama Funguo, "huyu si yule bibi jirani?"

Mama mkwe hata hakunyanyuka.

"Mimi ndiye fundi," akasema.

"Wewe?"

"Mimi. Huko nje ulikuwa unaniona nikienda kuleta vifaa."

"Na huyu?"

"Saidia fundi. Namvumilia tu, ana familia."

Mama Funguo akamtazama miguu. "Mbona unajisugua visigino?"

"Napima msasa. Ukikwaruza ngozi, utakwaruza na ukuta."

Nikabaki nimening'inia kwenye ngazi. Lakini Mama Funguo akaachia tabasamu, akasema siku zote amekuwa akisema kazi hii ikishikwa na mwanamke itakwenda. Kumbe ndivyo ilivyo! Sasa ndiyo ameelewa kwa nini kuta zimenyooka.

"Kuta nimezinyoosha mimi," nikasema.

"Wewe teremka umletee mama maji ya kunywa," akasema mama mkwe.

Nikateremka. Tangu nimuoe binti yake, mama mkwe amekuwa na maoni kuhusu kazi yangu, ila ameyaweka moyoni kwa ajili ya heshima. Siku hiyo heshima iliwekwa pembeni. Nikiwa jikoni namsikia anamweleza Mama Funguo kwamba mimi ni mzito, brashi naishika kama kijiko, dari nazimaliza kwa kuzionea huruma. Ila silewi, akaongeza. Hapo nikamshukuru kimoyomoyo.

Nilipotoka na maji, nikamkuta Mama Funguo kasimama kwenye ule ukuta, kiganja kimebandikwa.

"Bado unatoa maji," akasema.

"Unahitaji subira, mama," akasema mama mkwe.

"Subira sina tena. Mpangaji anakuja kuiona nyumba keshokutwa. Nataka leo mpake mkono wa mwisho, na mpake nikiwa hapa. Ile rangi ya krimu iko ndoo gani?"

"Nitaileta mimi," nikasema.

Nilichelewa. Alishafunua kifuniko cha kwanza, akakutana na vitabu vya hesabu. Akafunua cha pili, sufuria na vikombe. Ndoo ya tatu sitaieleza, ilikuwa ya mama mkwe. Katika ya nne akatoa sweta la shule, dogo, lenye kiraka kwenye kiwiko. Akalishika mikono miwili, akaligeuza mbele na nyuma.

Halafu akatazama dirishani. Sponji ilikuwa pale, bado inachuruzika.

Mama mkwe akauweka msasa chini taratibu.

"Mko wangapi?" Mama Funguo akauliza.

"Wanne."

"Tangu lini?"

"Tangu ukuta uanze unyevu," nikasema.

Hakucheka, na sikutaka acheke. Wasomaji, nilijisikia aibu. Siyo ya kusema uongo, hiyo nilishaizoea kama harufu ya thina ya kuzimulia rangi. Ni aibu ya mwanamume mzima kusimama na kopo la maji mkononi huku mtu baki ameshika sweta la mtoto wake, ametoa kwenye ndoo. Nikatamani sakafu inimeze.

"Nyumba yangu mimi mwenyewe," akasema. "Nakuja nagusa ukuta, nasikitika, naenda nyumbani sipati usingizi kwa ajili ya msingi. Nimemwita mpaka fundi bomba! Kumbe ni wewe na sponji yako!"

"Nisamehe, mama."

"Fundi mkuu, na wewe?"

"Ni mama yake mke wangu," nikasema.

"Nimesikia. Toeni ndoo zenu. Sasa hivi."

Mama mkwe akainuka. Akaikumbatia ndoo yake ile ya tatu, akasimama nayo, asijue aelekee wapi.

"Mama," nikamwambia Mama Funguo, "nifukuze, ni haki yako. Ila nakuomba utuache mpaka afisa aje aone tunaishi hapa. Akishaona, tunatoka na tutakupakia nyumba nzima bure, mpaka geti. Akikosa kutukuta, binti yangu hatakuwa na kwao tena, si leo wala kesho."

"Afisa gani?"

"Hodi humu ndani!" sauti ikaita nje.

Nikajua watu wa serikali wana mambo. Siku zote ukiwahitaji huwaoni.

Alikuwa kijana wa shati jeupe, kitambulisho kinaning'inia shingoni, jalada kwapani, viatu vinang'aa kiasi kwamba alifuta miguu mara mbili kabla ya kuingia kwenye nyumba yenye vumbi kuliko nje.

"Natoka ofisi ya nyumba. Namtafuta mwombaji."

"Ni mimi."

"Unaishi hapa?"

Nikafungua kinywa. Mama Funguo yuko pembeni yangu, sweta mkononi. Nikisema ndiyo, anaruka na mimi. Nikisema hapana, nimejifuta mwenyewe.

"Anaishi," akasema Mama Funguo.

Nikamgeukia kama niliyepigwa kofi. Akanivuta mkono, akaninong'oneza huku anamtabasamia afisa.

"Usinitolee macho. Kukufukuza nitakufukuza mwenyewe. Sihitaji msaada wa ofisi. Hao hao walikuja kunivunjia ukuta wa uwani bila hata kugonga mlango."

"Na wewe ni nani, mama?" afisa akauliza.

"Mwenye nyumba."

"Huyu ni mpangaji wako?"

"Kwa bahati mbaya."

Afisa akafungua jalada, akabonyeza kalamu. "Kwa nini anataka kuhama?"

"Kwa sababu nampandishia kodi."

"Kwa nini unampandishia?"

"Kwani wewe rangi huioni?"

Afisa akaiangalia rangi, akaridhika, akaandika.

"Tabia yake ikoje?"

Hapa ndipo Mama Funguo alipoanza kuionja kazi. Akasema nachelewesha kodi. Akasema natia maji ukutani, jambo ambalo lilikuwa kweli. Akasema kubwa kuliko yote, mama mkwe wangu ana mdomo.

"Mdomo wangu umekukosea nini?" mama mkwe akaruka, ndoo bado kifuani. "Choo chako hakivuti maji tangu tuhamie! Tumekwambia!"

"Mmeniambia lini?"

"Mara ngapi tumekwambia! Unakuja hapa kugusa kuta tu, choo hujawahi hata kukichungulia!"

"Kama choo hukitaki, si uhame?"

"Si ndiyo tunahama!"

Afisa alikuwa anaandika mbio mbio mpaka karatasi inatoboka. Nami nikasimama katikati yao nikisema jamani, jamani, kama mpangaji wa kweli. Ugomvi ule wa upangaji ambao haukuwahi kuwepo ulikuwa mtamu hivi kwamba na mimi nilianza kukikasirikia kile choo.

"Basi, inatosha," afisa akasema. "Mnalala wapi?"

Nikamfunulia turubai. Akayaona magodoro.

"Na hizi ndoo?"

"Vyombo vyetu. Tumeviweka humo kwa sababu nyumba inapakwa rangi," nikasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile nilikuwa nimesema kitu ambacho hakikuhitaji maelezo ya ziada.

Akazunguka vyumba vyote. Akajaribu choo, akatikisa kichwa kwa huruma. Aliporudi sebuleni, akatoa muhuri mdogo mfukoni na kuupulizia pumzi.

"Nimeona nyumba nyingi wiki hii," akasema. "Watu wanaandika anwani za uongo, nafika nakuta gereji, nakuta kibanda cha kuku. Ninyi angalau mnagombana. Nathibitisha."

Mama mkwe akakaa chini pale pale sakafuni na kuanza kulia bila sauti. Mama Funguo akamtazama, akamtupia lile sweta mapajani, akasema afute machozi, asimlowanishie sakafu, ukuta unatosha. Nilikuwa nishaingia kwenye vile vyumba viwili kichwani mwangu, nimeshawasha taa, nimeshachagua rangi.

Muhuri ulikuwa umefika juu ya karatasi. Hapo afisa akasita.

"Mtoto mmoja, umeandika. Yuko wapi?"

"Shule. Anakaribia kurudi."

"Lazima nimwone. Ni swali moja tu, kwa ajili ya kumbukumbu."

Nikampa afisa lile kopo la maji, na hatukungoja hata ayamalize. Binti yangu akaingia, begi mgongoni, soksi zimeshuka. Akamwona Mama Funguo. Akaona vifuniko vya ndoo viko wazi. Akamwona bibi yake sakafuni na mwanamume mgeni mwenye kitambulisho. Nikaona anavuta pumzi.

Jamani, mtoto huyu ana akili. Mwalimu wake husema ukimpa kitu mara moja hakitoki. Na kitu nilichompa mimi sikumpa mara moja, nilimpa kila asubuhi tukienda shule, tukikirudia hatua kwa hatua mpaka anakisema bila kutetereka, endapo siku moja atamkuta Mama Funguo ndani.

Afisa akachuchumaa mbele yake. Alikuwa kijana mwema, nasema kweli.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu niambie, hapa ndipo nyumbani kwenu?"

Nikakohoa. Mama mkwe akakohoa. Hata Mama Funguo, Mungu ambariki, alikohoa.

Binti akasimama wima, mikono nyuma kama nilivyomwelekeza.

"Hapana," akasema. "Sisi hatuishi hapa. Nimepita kumpa baba ujumbe tu, naondoka sasa hivi."

Hakukosea hata neno. Akaliweka sawa begi lake mgongoni, akageuka, akaanza kutoka kurudi barabarani.

"Ngoja kwanza, mama," afisa akamwita, na muhuri akaurudisha mfukoni. "Kwa hiyo mnaishi wapi?"

Binti akageuka, akanitazama mimi, akingoja nimkumbushe. Hilo sikuwa nimemfundisha, kwa sababu jibu lake hata mimi sikuwa nalo.